Tangu 2017 nakaa kwenye meza ya steshenari na uwakala: niliyoyaona yanayomfanya mtu akubali huduma ya mtandaoni na yanayomkimbiza

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika huwa siandiki, ila wiki hii nimesoma sana watu wakisema Mtanzania ni mzito wa teknolojia, mara kazoea foleni, mara elimu ndogo. Nakataa, na nakataa kwa sababu ya meza ninayokaa.

Nina steshenari na uwakala hapa Makambako jirani na stendi, tangu 2017. Naprinti, naskani, nalaminishi, natoa na kuweka hela, najazia watu maombi ya kila aina. Kwa hiyo huduma ya mtandaoni ikianzishwa huko juu, mimi naiona inavyofika chini, mkononi mwa mtu mwenye haraka ya basi.

Nianze na mama mmoja. Analeta viazi kutoka kijijini, mtu mzima, kusoma anasoma kwa shida, simu yake kiswaswadu kimefungwa na raba ya ndani ya baiskeli. Huyu mama anabonyeza *150*00# mwenyewe, anatuma, anaangalia salio, ananunua LUKU na zile tarakimu 20 anamsomea mjukuu wake kwa simu moja baada ya nyingine mpaka umeme unawaka. Menyu hasomi, kaishika kichwani kama njia ya shambani, siku wakihamisha kitu kutoka namba tatu kwenda namba tano ndo anakuja kwangu kakasirika. Mama huyohuyo mwanae alipomaliza kidato cha sita walikuja kuomba mkopo wa chuo, basi hata kusogea kwenye kompyuta hakutaka, alikaa kwenye benchi na bahasha ya vyeti kaikumbatia kifuani, kila nikibonyeza ananiuliza "mwanangu hapo hujaharibu?"

Sasa niambieni, huyo anajua teknolojia au hajui? Ni mtu mmoja. Kilichobadilika ni huduma. Ile ya kwanza anaitumia kila siku, akikosea anajua pa kwenda, hela iliyoko hatarini anaijua kiasi chake. Hii ya pili ni mara moja, kosa moja linaweza kumpotezea mtoto mwaka mzima, na akikosea hajui amfuate nani. Naendelea chini.

#2 Mwanzisha uzi

Watu wanasahau M-Pesa ilivyoanza. Kule Kenya majaribio yalifanyika 2005 na wazo halikuwa kutumiana hela kabisa, lilikuwa watu wenye mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Wale wa majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao, huyu anamtumia mwenzake, yule anaweka hela kituo hiki anakwenda kuitoa kule mbele ili asisafiri nayo mfukoni. Wenye huduma wakaangalia watu wanachofanya wakakifuata, ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ujumbe ukawa tuma pesa nyumbani. Kwetu ikaingia 2008.

Nyumbani ndo neno lenyewe hapo. Sie tuliokulia barabara hii ya Songea tunajua hela ilivyokuwa inasafiri, unampa konda wa basi kwenye bahasha umeandika jina na kituo, alafu unakaa na presha siku mbili, konda mwaminifu anafikisha, asiye mwaminifu anasema alipekuliwa njiani. Wengine walikuwa wananunua vocha wanakwangua wanatuma namba, kule kijijini mwenye duka anaichukua anatoa hela taslimu kwa kukata chake. Maana yake watu walishaanza kutuma hela kwa simu kabla huduma haijafika!! Ilipofika ilikuta njia imeshachimbwa.

Na angalieni Afrika Kusini. Huduma ileile, jina lilelile, iliingia 2010 ikafungwa 2016. Watu wengi kule tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi, na mtu aliweza kutuma hela kupitia maduka makubwa, shida ya bahasha ya konda hawakuwa nayo kwa kiasi chetu. Sidhani kuna mtu atasema watu wa Johannesburg ni wazito wa teknolojia kuliko sisi.

#3 Mwanachuo wa mwaka wa tatu

Mkuu umenigusa maana ndo natafuta mada ya tafiti. Darasani tunafundishwa kwamba Fred Davis mwaka 1989 alisema mambo mawili makubwa, kwanza mtu aone kitu kina manufaa kwake, pili aone hakitamtesa kukitumia. Alafu 2003 Venkatesh na wenzake wakakusanya nadharia nane wakazishona kuwa moja yenye mambo manne: faida anayoitarajia mtu, jasho litakalomtoka, watu wanaomzunguka wanasemaje, na kama mazingira ya kumsaidia yapo. 2012 wakaongeza bei, mazoea na kufurahia kitu. We unaona kwenye meza yako yapi yanafanya kazi zaidi?

#4 Mwanzisha uzi

Asante mdogo wangu, yote yapo ila hilo la nne ndo mimi mwenyewe. Mazingira ya kumsaidia mtu siyo mnara na kompyuta peke yake, ni binadamu aliyekaa mahali panapojulikana. Wakala. Mtu wa kwanza kuamini hela ya kwenye simu hakuamini simu, aliamini kwamba akija kwenye kibanda changu na salio lake namhesabia noti anaondoka nazo. Akifanya hivyo mara kumi bila kukwama ndo anaanza kuacha hela ilale kwenye simu. Kwa hiyo siku sina floti, yaani hela ya kuhudumia wateja, sijamuangusha mteja mmoja tu, nimeiangusha imani yenyewe, ndo maana nalala na wasiwasi wa floti kuliko wa kodi ya fremu.

Alafu kuna meseji. Hakuna huduma imenifundisha kitu kama ile meseji fupi ya "umepokea". Sokoni hapa mbao haipakiwi kwenye lori mpaka meseji iingie. Mnasimama wote kimya mnaitazama simu, ikilia kila mtu anapumua. Sasa kuna huduma nyingine unajaza kurasa saba, unabonyeza tuma, inazunguka inazunguka, alafu inakurudisha mwanzo bila neno lolote. Imeenda? Haijaenda? Ukirudia utalipa mara mbili? Mtu akishapitia hiyo mara moja, mara ya pili atapanda gari aende ofisini akamwone mtu kwa macho, na mi simlaumu hata kidogo.

Kuhusu watu wanaomzunguka nakupa mfano. Mbolea ya ruzuku, msimu wa 2022/2023, mkulima anasajiliwa anapata namba, kwa muuza pembejeo anaitoa namba yake ndo anauziwa. Mwanzo maneno yalikuwa mengi, wengine wanasema ni mtego wa kodi. Kilichonyamazisha maneno ni jirani kurudi na mfuko wa kilo 50 wa elfu 70 wakati bei ya kawaida ilikuwa imepita laki. Mfuko umeegeshwa ukutani kila mpita njia anauona, wiki ileile kwangu foleni ya watu wanaouliza namba zao zilivyo. Tangazo la redio lilikuwepo muda wote, ila tangazo halina uzito kama mfuko wa jirani.

#5 Wakala wa Nyegezi

Nakazia hapo kwenye floti. Ila mkuu umeruka wizi. Huku Mwanza ukizungumza na wazee kitu cha kwanza wanakutajia ni zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama yangu mdogo alitumiwa siku hiyohiyo ambayo kweli alikuwa na deni la kulipa, akatuma. Tangu hapo simu yake ni ya kupigia tu, hela anapewa mkononi. Tumemwambia kuna namba ya 15040 ya kupeleka hizo meseji za matapeli, anasema sawa, ila hela yake haikurudi, kwa hiyo maneno yetu yote kwake ni upepo.

Na wateja wengine wanakutajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni. Huwa nawaambia shangazi usinitajie, bonyeza mwenyewe, anasema mwanangu nakuamini. Inaniuma kwa sababu wakala mwingine angemmaliza.

#6 Mwanzisha uzi

Pole kwa mama mdogo. Umeongea jambo ambalo ndo nilitaka niliandikie uzi wote: mtu hupima huduma kwa siku moja, ile siku imeharibika.

Naleta yangu mawili. 2019 nilikosea tarakimu moja nikatuma laki na themanini kwa mtu nisiyemjua. Jasho lilinitoka mgongoni. Nikapiga simu huduma kwa wateja, yule dada akanisikiliza, akaniuliza maswali matatu, akaniambia hela imezuiwa hapohapo, yule akikubali au muda ukipita itarudi. Ilirudi siku ya pili. Tangu siku ile natuma hata milioni bila kutetemeka mkono, na mteja wangu akikosea namwambia kaa hapa usilie, tunapiga.

Ya pili, nililipia kibali fulani kwenye mfumo wa mtandaoni, ofisi siitaji. Hela imekatwa, meseji ya kukatwa ninayo, mfumo unasema sijalipa. Nikapiga namba iliyoandikwa pale haipokelewi, nikatuma barua pepe kimya, wiki ya tatu nikafunga duka nikasafiri, kufika dirishani kijana akabonyeza vitu viwili ikakaa sawa ndani ya dakika nne. Dakika nne! Nauli, kulala gesti, siku mbili bila mauzo. Sasa mimi ndo mtaalamu wa mtaa, mimi ndo nawafanyia wenzangu. Na nawaambieni ukweli kibali kile mwaka uliofuata nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu, sikugusa mfumo. Mfumo haukuwa mgumu, nilikuwa naukumbuka.

Siku hizi jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na hilo limeokoa watu wengi sana. Kitu kidogo kabisa lakini kinamwambia mtu: tumejua unaweza kukosea, simama kwanza uangalie.

#7 Muuza nguo Instagram

Naomba nichangie upande wa biashara. Nauza nguo Instagram na WhatsApp, nipo Kariakoo natuma mikoani kwa basi. Nilishafunguliwa tovuti nzuri na kaka mmoja, ina kikapu, ina kulipia humohumo, miezi sita nimepata oda mbili na zote za ndugu zangu. Wateja wanaiona tovuti wananifuata WhatsApp kuuliza "dada upo?" Wanataka voisi noti. Wanataka nishike gauni nilipige video dirishani rangi ionekane. Nikishaongea nao hapo ndo wanatuma hela kwa lipa namba, wengine wananitumia hela yote na mpaka leo hatujawahi kuonana, huu mwaka wa nne.

Wa Dar wanataka walipe wakipokea mzigo. Hata Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, walikuwa wanauza hivyo hapa kwetu na bado walifunga Novemba 2019, kwa hiyo siyo hilo tu. Mi nadhani watu wananunua kwa mtu, hawanunui kwa duka.

#8 Dada wa Mombasa

Salamu kutoka Mvita. Mimi nafanya kazi kwa saiba, duka la intaneti, karibu na Kongowea kwa hiyo haya naona yote. Huku eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, iko tangu 2014, na tangu 2023 malipo ya serikali yakawekwa kwa namba moja ya pebili (namba ya kulipia kwa simu), 222222. Hiyo namba moja imesaidia sana wallahi, kwa sababu zamani kila ofisi na namba yake na matapeli walikuwa wanapitia hapohapo. Sasa hata mzee wa kijijini ukimwambia namba nyingine anakwambia "hiyo siyo, ya serikali ni mbili sita."

Lakini njoo Juni mwisho, tarehe 30 ndiyo mwisho wa kufaili ritani za ushuru, saiba inajaa mpaka barabarani. Na wengi ni vijana, wana simu kubwa kunishinda, tiktoki wanacheza wakingoja zamu yao! Wanaogopa kubonyeza kitu kibaya wapigwe faini. Wananilipa mimi ili kosa likitokea wawe na mtu wa kuuliza.

#9 Mwanzisha uzi

Dada wa Mombasa umemaliza. "Wawe na mtu wa kuuliza." Na wewe wa nguo pia umesema kitu kilekile kwa njia nyingine, wateja wako wanataka wakusikie sauti.

Ila sasa niseme na upande unaoniumiza, maana nisijifanye malaika. Kule juu wanahesabu watu wangapi wametumia mfumo, wanaona elfu na maelfu wanafurahi kwamba wananchi wamepokea. Kati ya hao mia kadhaa ni mimi. Nina madaftari hapa ya barua pepe na paswedi za watu, nilianza kuandika kwa nia njema kwa sababu mtu anarudi baada ya mwaka hakumbuki chochote, hata laini aliyosajilia ameshapoteza. Mwanafunzi mmoja aliitwa kwenye usaili wa kazi, taarifa ikaja kwenye barua pepe aliyofunguliwa na steshenari nyingine iliyokuwa imeshafungwa, akaja kujua usaili umeshapita. Nilimuona alivyokaa chini pale mlangoni. Tangu siku hiyo simfungulii mtu barua pepe bila yeye kuandika paswedi kwa mkono wake kwenye karatasi yake na kuiingiza mwenyewe mbele yangu mara mbili. Inachelewesha foleni, wengine wananinunia wanakwenda jirani ambako wanafanyiwa chapuchapu. Madaftari ya zamani nimeanza kuwaita wenyewe waje wabadilishe alafu nachoma kurasa.

Kwa hiyo mwanachuo ukifanya tafiti yako tofautisha aliyetumia kwa kupenda na aliyetumia kwa kulazimika. Laini zilivyokuwa zinafungwa Januari 2020 kama hujasajili kwa alama za vidole, watu walijaa, siyo kwamba waliipenda huduma. Kulazimisha kunaleta watu mlangoni, kubaki ni kitu kingine.

#10 Mdau wa Ilala

Uzi mzuri ila mnazunguka sana, tatizo ni hela tu. Bando ghali, makato ghali. Punguza makato uone kama watu hawatatumia.

#11 Mwanzisha uzi

Mkuu hela ni kubwa sana sikatai, na nina ushahidi wa macho. Tozo ya miamala ilipoanza 15 Julai 2021, ilikuwa inakwenda mpaka shilingi elfu 10 kwa muamala mmoja mkubwa, sikuhitaji kusoma gazeti kujua imefanya nini. Wiki ya kwanza tu bahasha zilirudi kwenye mabasi. Watu niliowazoea kwa miaka wananipita mlangoni wanakwenda kumtafuta konda. Kamisheni yangu ilishuka mpaka nikamwambia kijana aliyekuwa ananisaidia akae nyumbani kwanza. Septemba wakapunguza kwa asilimia 30, baadaye wakapunguza tena, wateja wakarudi mmojammoja lakini mpaka leo kuna mama lishe wawili wanasema "simu inakula", na hawajui hata makato ya sasa ni kiasi gani. Kilichowaumiza zaidi ni kuamka asubuhi wakakuta bei siyo ile ya jana. Mtu anayepanga mia mia zake, bei akiijua ataizoea hata kama ni kubwa, asiyoijua anaikimbia.

Lakini ingekuwa bei peke yake basi zile aplikesheni za mikopo ya dakika tano zingependwa mpaka kesho, maana kuingia ni bure, rahisi, hakuna mdhamini, hakuna foleni, hela inaingia unaiona. Vigezo vyote vya darasani zimetimiza. Na watu walizikimbilia kweli. Baadaye ndo mtu anakuta shemeji yake, mwajiri wake, mchungaji wake wametumiwa meseji kwamba fulani ni tapeli halipi madeni, kwa sababu siku ya kupakua alibonyeza kukubali wasome majina yote kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni ikayapiga marufuku. Mwalimu mmoja mteja wangu alihamisha mpaka laini ya simu kwa aibu. Ukimwambia sasa hivi kuna huduma nzuri mtandaoni, hata kama ni ya kusajili mtoto cheti cha kuzaliwa, anauliza swali moja tu: wataingia kwenye simu yangu? Zile aplikesheni hazikuharibu jina lao peke yao, zimewaharibia na wengine ambao hawakukosa kitu.

#12 Katibu wa SACCOS

Nimesoma wote, asanteni. Naomba ushauri wa vitendo. Sisi ni SACCOS ya wakulima wa parachichi, wanachama kama mia tatu, tunataka waangalie akiba na waombe mkopo kwa simu. Kuna kampuni imetuletea aplikesheni nzuri sana. Tuanzie wapi ili tusipoteze hela?

#13 Mwanzisha uzi

Kaka, kamwene, kama mpo huku kwetu Njombe karibu dukani tuongee vizuri. Kwa kifupi ningekuwa wewe ningefanya hivi.

Usianze na mkopo. Anza na salio, tena kwa menyu ya kubonyeza nyota siyo aplikesheni, maana nusu ya wanachama wako najua wana viswaswadu na wenye simu kubwa bando linaisha. Mtu akiona akiba yake ya jana imeingia leo kwa meseji, yenye jina lake na jina la SACCOS, bila kumuuliza mhasibu, hilo peke yake ni kubwa sana kwa watu ambao wamewahi kuibiwa na viongozi wa vyama. Waache waangalie salio msimu mzima mpaka wachoke. Wengine wataangalia mara tatu kwa siku na hela haijaongezeka, waacheni, ndo wanajifunza kuamini.

Pili, vitabu vya karatasi visiondoke mwaka wa kwanza. Mzee akiwa na kitabu chake mkononi na meseji inasema namba ileile, anatulia. Ukimnyang'anya kitabu siku ya kwanza umemwambia achague kati ya macho yake na simu yako.

Tatu na hii usiipuuze, weka mtu mmoja mwenye namba moja ya simu, anayepokea, mwenye mamlaka ya kurekebisha kosa siyo kusema "tunashughulikia". Kabla hujazindua, kosea kwa makusudi wewe mwenyewe, weka hela kwenye akaunti isiyo yako, alafu jifanye mwanachama wa kawaida upige hiyo namba uone inachukua muda gani kurudi. Ikichukua zaidi ya siku mbili usizindue. Ile kampuni waulize hilo swali kabla ya kukuonyesha rangi za aplikesheni.

Na siku ya mafunzo usiwaite vijana wenu wa kompyuta wasimame mbele. Tafuta mama mmoja mwanachama ambaye kila mtu anajua hakusoma, mfundishe wiki mbili kabla, alafu yeye ndo asimame aonyeshe salio lake. Mimi nina mmoja wa viazi hapa, nikimuomba atakuja.

Makato yaandike ukutani kwa maandishi makubwa ofisini na kwenye kituo cha kukusanyia matunda, yakibadilika watangazie mwezi mzima kabla.

Naishia hapo kwa leo, basi la Songea limeingia na floti yangu ni ndogo, wenye maswali wekeni nitajibu usiku.